Nuni Isiyoandikwa

Kijiji cha Ujamaa Namapwia,
S.L.P. Nachingwea.
11 Machi 1973

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua barua hii utasomewa na dada Theopista, mpangaji wetu, kwa hiyo na yeye namsalimu hapa hapa, asije akajiona anapita tu kama tarishi. Dada Theo, soma polepole, na pale utakapoona aibu usiruke.

Baba, hii ni ya tatu. Katika ya kwanza nilikuomba ruhusa ya kuolewa. Katika ya pili nikakuomba tena, na Sheikh wa Nachingwea mjini akatia sahihi yake chini ili ujue si mchezo wa watoto. Hukujibu. Ukapita Ramadhani, ukapita mwezi wa hija, sisi tunakwenda posta na kurudi. Sheikh akasema walii akinyamaza kiasi hicho, na binti ni mtu mzima, na mwanamume ni Mwislamu anayesali, basi yeye anaweza kusimama mahali pake. Juzi Ijumaa akasimama. Alimshika mkono Shomari akatuozesha. Mkono ule ulipaswa kuwa wako. Mimi nilikaa ndani na wanawake, nikasikia sauti ya mtu mwingine ikitaja jina lako na langu, nikalia mpaka wakadhani simtaki bwana.

Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na watu wa Msimbazi. Shomari Uwesu ni bwana shamba wa kijiji hiki ninachofundisha, Mmwera, na hana ukoo ambao utaujua. Najua mliniwekea mtoto wa ami yako kule Oman, na kaka Azzan ameandika kutoka Maskati kwamba bado wanangoja. Najua pia utasema Shomari si kufu yangu, hatulingani kwa ukoo. Lakini mama yangu Zamzam, Mungu amrehemu, alikuwa Mzaramo wa Gerezani. Ulimwoa, na alipokufa ulimlilia kuliko sisi wote. Kama yeye alifaa kuwa mke wako, kwa nini mtu wa namna yake asifae kuwa mume wangu? Swali hili ninalo tangu nikiwa msichana wa shule. Nilikuwa naogopa kukuuliza nikikutazama usoni, ndiyo maana nakuuliza nikiwa huku mbali.

Sheikh anasema ni ndoa. Majirani wa Mtaa wa Mchikichi watasema yao. Mimi nataka la kwako. Niambie, Baba, kwako wewe hii ni nini? Ukisema ni ndoa, shule zikifungwa nitakuja na mume wangu tukupe mikono. Ukisema vingine nitajua pia, na sitakusumbua tena.

Binti yako,
Zeina


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo.
Mwezi 20 Mfunguo Tano 1393

Kwa Zeina binti Mbaruk.

Marahaba. Barua zako nimesomewa zote. Hii naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zetu za chuoni, maana jambo hili si la kumwandikisha mpangaji.

Nilikaa kimya kwa kuwa sikuwa na la kusema. Sasa ninalo. Umeuliza kwangu mimi ni nini. Kwangu ni ndoa.

Watu watasema, wamekwisha anza, na mimi sitawajibu. Azzan nitamwandikia mwenyewe, ajue. Yule Sheikh amefanya kazi iliyokuwa yangu, na Mungu atamlipa. Habari ya mama yako usiniandikie tena. Usijisumbue kunieleza zaidi. Mlango wa nyumba hii unaujua.

Mimi baba yako,
Mbaruk bin Azzan


Namapwia.
15 Aprili 1973

Dada Theo,

Jibu limefika. Wewe hukuliona, kwa sababu Baba kaliandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, akaifunga bahasha mwenyewe, akakupa uandike anwani tu. Mwandiko wako wa juu ulinidanganya. Nilifungua nikicheka, nikidhani utaanza na umbea wa uani.

Tangu nitoke chuoni kwa maalimu sijasoma Kiswahili kwa herufi zile, labda karatasi za Baba za dukani. Nilikaa chini nikaifuata kwa kidole neno moja moja, na kila nilipofika pale nilirudi nyuma nikitamani niwe nimekosea. Sikukosea. Nilimwuliza kwake hii ni nini, naye kanijibu: kwangu ni doa. Hakuongeza. Halafu anasema Mungu atamlipa Sheikh. Halafu nisimtaje mama. Halafu mlango naujua, yaani ule niliotokea. Na kaandika kwa mkono wake kwa kuwa, anasema, si jambo la kumwandikisha mtu. Kaona aibu hata wewe usilione.

Nilijua atakasirika. Nilijitayarisha kwa hasira zake, nilijitayarisha hata kwa laana. Neno hili sikulitazamia. Doa ni kitu ambacho mtu akikiona kwenye kanzu yake anakisugua mpaka kitoke.

Shomari aliniuliza mzee kasemaje. Nikamwambia macho yanamsumbua, atajibu akipona. Barua nimeificha ndani ya mto wa kulalia, kwa sababu na yeye alipita chuoni, angeisoma mara moja. Sasa kila akimaliza kusali namsikia anamwombea baba yangu macho. Naona haya, dada, na sijui jinsi ya kumwambia aache.

Nisaidie kitu kimoja. Mwambie Baba nimelipata neno lake, na mlango naujua. Maneno hayo tu, usiongeze wala usipunguze. Asijue kama nimelia. Na lile neno usimtajie kabisa. Sitaki litamkwe ndani ya nyumba ile, wapangaji wakalisikia, likaanza kutembea.

Mdogo wako,
Zeina


Mchikichi, Kariakoo.
6 Mei 1973

Mdogo wangu Zeina,

Nimefikisha. Nilikuwa natoka kanisani, nikamkuta uani anakoroga halua yake, jasho linamtiririka. Nikasimama mbele yake nikamwambia kama ulivyoniagiza, Mzee, Zeina anasema amelipata neno lako na mlango anaujua.

Mwiko ukasimama. Zeina, mzee wako alitabasamu. Mimi nimepanga nyumba hii tangu mwaka wa Azimio na meno ya Mzee Mbaruk sikuwa nimeyaona. Akasema, "Alhamdulillahi. Basi yamekwisha." Akaendelea kukoroga, na nadhani hata alikuwa anaimba kidogo.

Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani na nguo zangu za kanisani, hasira zimenijaa mpaka nikashindwa kula. Mtu anamwita mwanawe vile, kisha anamshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Samahani, ni baba yako, lakini nimeandika ninavyoona.

Kuna jingine na sitakuficha. Vitu vyako amevitoa vyote kwenye chumba chako, akakipiga chokaa upya, akaweka kitanda kikubwa cha samadari. Mama Fikirini wa chumba cha mbele anasema kuna wapangaji wanakuja, mke na mume. Mimi sikuuliza. Nikimwuliza yatanitoka mengine, atanifukuza, na vyumba Kariakoo sasa hivi utavipata wapi? Soko la zamani wamelivunja, wanajenga jipya, mafundi wamejaa mpaka kwenye nyua za watu.

Lia, ukimaliza ule. Na mumeo usimdanganye sana. Mwanamume akizoea kumwombea mtu macho, kuna siku atataka kumpelekea dawa.

Dada yako,
Theopista


Namapwia.
2 Desemba 1974

Dada Theo,

Nisamehe kwa kimya kirefu. Mwaka huu vijiji vya jirani vimehamishiwa kwetu, watu wamekuja na milango yao vichwani, darasa langu halina pa kukanyaga. Shomari analala shambani kwa watu, anawapimia viwanja. Nikirudi nyumbani nakuwa mwenyewe.

Si mwenyewe tena, nimekosea. Nimejifungua mtoto wa kike. Nimemwita Zamzam. Ana macho ya Baba kabisa, yale ya kutazama mtu mpaka aseme ukweli. Usimwambie. Sitaki asikie jina hilo kisha anyamaze, au aseme lile neno lake juu ya mtoto.

Nikwambie nilivyo? Kinamama wa hapa ni wema, wananiletea kuni, lakini wakinizungumzia wanasema yule Mwarabu. Kila siku nawaambia mama yangu alikuwa Mzaramo wa Gerezani, wanacheka, wanaona natania. Kule Kariakoo wake za Waarabu wenzetu walikuwa wananiita mtoto wa Mzaramo, tena nikiwa nasikia. Nilikuwa na mtu mmoja tu ambaye kwake nilikuwa Zeina, basi. Nawe unajua sasa ananiitaje. Nikiwa peke yangu na mtoto naona kama hakuna mahali duniani watu wananingoja.

Wale wapangaji wa chumba changu walikuja? Usinijibu kama ni watu wazuri.

Zeina


Mchikichi, Kariakoo.
20 Januari 1975

Mama Zamzam,

Hongera. Nimefurahi mpaka nikanunua soda nikainywa peke yangu, maana umenifunga mdomo, sina wa kumweleza.

Wapangaji hawakuja. Chumba kimefungwa, ufunguo anatembea nao. Mara moja moja namwona anaingia na ufagio, anafagia, anafunga. Nadhani amekosa mtu wa kumwamini. Mzee amekuwa wa ajabu. Shule zikifungwa, Juni na Desemba, anavaa kanzu safi tangu asubuhi anakaa barazani, anatazama upande wa stendi. Mama Fikirini anasema anamsubiri mtu wa kibali cha sukari. Huenda, kwa maana sukari ni shida na halua haikorogwi kwa maji matupu.

Wiki ya Krismasi nilijikaza nikamwuliza kama ana salamu zozote kwako, naandika barua. Akasema, "Neno langu nilikwisha sema. Halisemwi mara mbili." Akaingia ndani. Kwa hiyo sikuandika Krismasi, niliona nisikuharibie sikukuu, ingawa si yenu.

Mbusu mtoto.
Theopista


Mchikichi, Kariakoo.
30 Mei 1976

Zeina, mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kama Zamzam yuko mgongoni mshushe.

Baba yako ameondoka. Yuko Maskati kwa Azzan tangu juzi. Unajua maduka ya watu binafsi yanafungwa, yanafunguliwa ya ujamaa. La kwake nalo limefungwa. Walikuja wakamwambia kwa heshima tu, naye akazima jiko kwa heshima. Akakaa wiki kadhaa hana cha kufanya, anaamka alfajiri kwenda kuwasha moto ambao haupo. Azzan akatuma tiketi na karatasi zote. Yeye akawa anaahirisha, tiketi mpaka ikakaribia kuisha.

Siku ya mwisho aliniita barazani akanipa ufunguo wa chumba chako. Akasema, "Zeina akija, mfungulie. Shuka ziko sandukuni."

Nikashindwa kuvumilia, Zeina. Nilivunja agizo lako. Nikamwambia, mzee, Zeina hatakuja. Atakujaje, na wewe umemwita doa?

Akaniambia hajapata kusema hivyo. Nikamwambia ulimwandikia, kwa mkono wako, na yeye akasoma. Akauliza, "Niliandika nini?" Nikamwambia, kwangu ni doa.

Hakupiga kelele. Aliomba kipande cha karatasi, nikampa ile ya kufungia halua, akatoa kalamu mfukoni akaandika neno moja. Akanigeuzia, kana kwamba mimi naweza kulisoma. "Ndoa tunaiandika hivi," akasema.

Nikauliza, na doa?

"Hivyo hivyo."

Akanieleza. Katika herufi za zamani ile n iliyo mbele ya d haiandikwi. Inaitwa nuni. Anayesoma ndiye anayeitia mwenyewe kichwani. Hakuna aliyewahi kuona taabu, kwa sababu mtu anajua mwenzake anazungumzia nini. Halafu akaigeuza karatasi upande wake, akaniuliza, "Na yeye akasoma lipi?" Nilikuwa nimekwisha mwambia, lakini alitaka kusikia tena.

Zeina, alikuwa anakungoja wewe. Kile kitanda ni chenu. Ile chokaa ni yenu. Nilipomwambia mlango unaujua, alidhani mnakuja, ndiyo maana alitabasamu, na mimi nikakuandikia yale niliyokuandikia. Zile siku za kanzu safi ni zile ulizomwahidi, shule zikifungwa. Mwaka wa kwanza alifikiri mumeo hakuruhusu. Baadaye akafikiri unamwonea haya, mzee wa halua na herufi zake za zamani, na wewe ni mwalimu. Kumbe ndiyo maana wale watu wa kisomo walipopita nyumba kwa nyumba wakamwandika hajui kusoma wala kuandika, hakubisha. Nilidhani ni uzee.

Nikamwambia yote, hata jina la mtoto. Alipolisikia akalia. Sikujua nifanye nini, mimi Mkristo wa Songea na mzee wa watu analia mbele yangu barazani, watu wanapita. Nilimshika bega tu.

Nilimsihi asubiri nikupigie simu ya upepo. Akasema njia ya Rufiji bado ina maji, ukisikia utapanda lori na mtoto, na karatasi zake zinakwisha kesho yake. Akasema nisikuandikie mpaka ameondoka.

Nami nisamehe. Nilikuwa naye nyumba moja, na kila nilichokiona nilikisoma vibaya.

Theopista

Anwani ya Azzan nimeiandika nyuma.


Namapwia.
2 Julai 1976

Baba,

Naandika kwa herufi zako ili usihitaji mtu wa kukusomea. Mkono wangu ni mzito, nisamehe makosa.

Nilisoma vibaya. Nimetafuta namna nyingine ya kusema jambo hili, sikuipata. Nilikuuliza swali, ukanijibu jibu nililolitaka, nikalilia kama mtu aliyefukuzwa. Kisha nikakaa huku nakuonea uchungu, na wewe umekaa barazani unatazama stendi.

Nilimwonyesha Shomari barua yako hatimaye. Nikampa bila kumwambia kitu. Aliisoma pale pale amesimama mlangoni, hajavua hata viatu vya shambani, akasema, "Mzee anasema kwake ni ndoa. Kwa nini ulinificha?" Nikamweleza yote, na habari ya macho. Hakunigombeza. Alitoka akaenda kukaa kwa jirani mpaka jioni, na tangu siku hiyo anazungumza nami kwa adabu kama mgeni. Anasema miaka yote hii aliamini mzee amemkataa, akanyamaza ili asiniumize. Kumbe yeye alikuwa anaficha lake na mimi langu, kila mmoja upande wake wa kitanda.

Mjukuu wako Zamzam anatembea. Anapenda vitu vitamu.

Baba, niambie neno lolote. Hata likiwa kali nitalisoma kama lilivyo.

Zeina


Matrah, Maskati.
Mwezi 12 Shaabani 1396

Kwa Zeina binti Mbaruk.

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Mwandiko wako ni ule ule wa chuoni, herufi zinalala. Maalimu angekuchapa. Nimeisoma tena na tena, kwa kuwa hapa sina kitu kingine cha Kiswahili cha kusoma.

Azzan ananitunza, usiwe na wasiwasi. Nyumba ina mashine ya baridi, na mimi najifunika mablanketi nikijiuliza nimekosa nini. Wajukuu wanazungumza Kiarabu cha mbio, nikifungua mdomo wanacheka, wanasema babu anasema kama redio ya zamani. Dukani wananiita Mzanzibari, nami Zanzibar nilishuka siku moja tu, meli ikipakia. Maisha yangu yote pale Kariakoo niliitwa Mwarabu, nikawa najua nina kwetu. Sasa nimefika kwetu, na alasiri nakaa mlangoni, mtu anapita bila hodi wala salamu. Nimezoea kuulizwa umeamkaje na watu ambao hata majina yao siyajui. Sikujua kwamba kile kilikuwa kitu cha kukikosa.

Sasa lile neno. Usiilie nuni. Herufi zetu ndivyo zilivyo, hata baba yangu aliandika hivyo. Haiandikwi, na msomaji huitia kwa kumjua aliyeandika. Hapo ndipo ninapokwama. Mumeo hajaniona hata siku moja, akasoma ndoa. Wewe nimekulea mimi, ukasoma doa.

Sitakuficha, Theopista aliponiambia niliumia, na nilipofika huku niliumia zaidi. Nilianza kukuandikia barua kali. Nilifika katikati nikasimama, maana nilianza kukumbuka. Nilikumbuka niliyokuwa nikiyasema pale nyumbani juu ya kufu, na juu ya watu wa bara, kwamba ni hivi na ni vile, mama yako ameinama anapepeta mchele, hajibu. Wewe ulikuwa umekaa hapo hapo na daftari zako za shule. Nilidhani husikilizi. Ulipofungua barua yangu ulikuta neno jema moja, na nyuma yake ulikuwa umekwisha sikia maneno ya namna ile nyingine ya miaka yote ya utoto wako. Ulitazamia nini? Ulisoma kama nilivyokufundisha. Ile barua kali niliichana.

Na swali lako juu ya mama yako sikulijibu, nikakukataza kumtaja. Nilikukataza kwa sababu ulikuwa umesema kweli na sikuwa na jibu. Yeye alikuwa kufu yangu na zaidi. Sikumwambia akiwa hai.

Usiniulize nitarudi lini. Azzan anasema mwakani, na daktari anayenipima anamwangalia Azzan wala haniangalii mimi. Nawe na mtoto hamwezi kuja, najua pasi zilivyo na nauli ilivyo. Mimi na wewe tusidanganyane tena.

Imebaki kazi moja, na hiyo naweza kuifanya nikiwa huku. Ndoa yenu ni sahihi, Sheikh aliifunga sawasawa, na ndoa haifungwi mara mbili. Mashehe wakisikia watanicheka. Nawe usiwaambie. Siku ya Ijumaa mkitoka kusali, wewe kaa ndani na Zamzam kama ulivyokaa siku ile. Shomari mpe barua hii akae nayo nje, aishike kwa mkono wa kulia, asome kwa sauti mpaka uisikie:

Mimi Mbaruk bin Azzan, kwa ulimi wangu na mkono wangu, nimekuoza wewe Shomari bin Uwesu binti yangu Zeina, na kwangu ni ndoa.

Nuni yake nimeiandika safari hii. Angalieni vizuri, ipo.

Akimaliza kusoma ajibu, nimekubali. Mimi huku sitamsikia. Lakini aseme.

Baba yako na walii wako,
Mbaruk bin Azzan